Mfupa Uitwao Mashua

Mapokezi waliniuliza: kiwiko, au kifundo?
Nikasema hapa, pavaliwapo saa,
ingawa saa sijawahi kuvaa.
Karani akaandika "mkono", akagonga mhuri.

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu mwamba wa Mabatini uniangushe,
karai la kokoto kichwani, kandambili ya kushoto imekatika.
Nilitanguliza kiganja, kama anayeizuia ardhi isije.
Ardhi ikaja.

Mama Nyanjige alisema umeteguka tu.
Akanikanda kwa mafuta ya kondoo na chumvi ya moto,
akavuta, nikaziona nyota mchana.
Usiku vidole vitatu vikalala kabla yangu,
asubuhi vikakataa kuamka.
Kijiko kikaniponyoka. Kifungo cha gauni kikanishinda.
Mimi, niliyeupasua mlima kwa nyundo ya kilo mbili,
nikafungwa gauni na mtoto wa darasa la pili.

Daktari Rwechungura alibandika picha kwenye kisanduku cha taa.
"Tazama, mifupa minane."
Nikatazama. Kokoto.
Kokoto za robo tatu, zile za zege,
nazijua hata gizani kwa kuzishika.
"Huu, waganga wa zamani waliuita mashua.
Na huu jirani yake, mwezi.
Mashua yako imekatika katikati.
Mwezi umechomoka, umeukalia mshipa wa fahamu."
Nikacheka, Mungu anisamehe.
Miaka arobaini na moja nalitazama ziwa kutoka juu ya mawe,
sijapanda chombo hata siku moja, naogopa maji;
kumbe nimebeba mashua, na mwezi wake,
ndani ya mkono unaoshika nyundo.

Walinichoma sindano kwapani.
Mkono ukaondoka, ukabaki uzito wake tu,
kama mtoto wa jirani aliyepitiwa na usingizi begani kwako.
Kitambaa cha kijani kikasimama kati yangu na mimi.
Sikuona kitu. Nilisikia:
keekee ikinung'unika kama ya seremala,
chuma kikidondoka sahanini,
kisha Daktari, bila kuinua sauti: "Nyundo."
Moyo ukaruka.
Naijua nyundo. Mikononi mwangu
haijawahi kuunga kitu.
Tk. Tk.
Ndogo, ya adabu,
kama abishaye hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Skrubu moja isiyo na kichwa, imezama yote ndani ya mashua.
Waya mbili za kuufunga mwezi usitoroke tena.

Sikupona kama hadithi zinavyopona.
Wiki ya nane waya zilitolewa kwa koleo, na jasho.
Wiki ya kumi Sista Nyamizi akanipa tambara lenye maji: kamua.
Nikakamua. Tone moja.
Akaliandika kwenye faili kana kwamba ni debe.

Kiganja bado hakitaki kugeuka juu.
Juzi gengeni nilirudishiwa chenji, sarafu zikaviringika hadi mtaroni;
watu wakadhani nimelewa.
Nyundo nimemwachia mdogo wangu, Ng'washi.
Mimi nakaa chini ya turubai, napima madebe,
napokea hela kwa mkono wa kushoto
na kuomba radhi, kila mteja, kila mara.

Ile picha niliiomba, wakanipa.
Dirisha letu lina kioo kimoja pungufu, nimeipachika pale.
Jioni jua likishukia upande wa ziwa, linapita humo,
na mifupa yangu inalala ukutani, mikubwa kuliko mimi.
Masalu huweka kidole juu ya skrubu.
"Mama, hii ikishika kutu?"
Namwambia haishiki kutu.

Sijui. Sikuuliza.